Kisu cha Kwendea Kiwayu

Tulikuwa tumepanga kila kitu isipokuwa kuku.

Tulikuwa wanawake watatu wa Amu, mji ambao wengine huuita Lamu. Mimi ni fundi wa kushona mabuibui na magauni, na nilikuwa nimetimiza miaka arobaini na sita bila kulala nje hata mara moja. Wa pili ni wifi yangu, mke wa ndugu yangu mdogo, ambaye tunakaa nyumba moja na ambaye huanza kucheka kabla jambo halijamfikia. Wa tatu ni jirani yetu muuguzi, mwembamba, mwenye majibu ya kila kitu ndani ya simu yake. Azma yetu ilikuwa kwenda Kiwayu siku tatu. Tulale kwenye mchanga wa upande wa bahari kuu, tutembee pwani yote ya kisiwa kwa miguu, tuokote kuni, tusake kaa na pweza kwenye miamba maji yakitoka. Kuwinda wanyama sheria imekataza, na hata isingekataza, mimi na swala hatujawahi kugombana. Na zaidi ya yote, siku tatu tusimpikie mtu yeyote ambaye si sisi. Hili la mwisho hatukulitamka mbele za watu, lakini ndilo lililotufanya tukikutana ngazini tucheke bila sababu.

Ndugu yangu ndiye aliyeuliza. Alikuwa ameshiba, amejinyoosha kwenye mkeka, na ndugu yangu akishiba huwa mtu wa maswali.

"Na mutakula nini huko?"

"Pweza," nikamwambia. "Kaa. Samaki. Bahari yote ni yetu."

"Na hunu je?" Akamwonyesha muuguzi kwa kidevu.

Hapo alitupata. Muuguzi wetu hali kitu cha baharini. Akionja kipande cha samaki aina ya changu midomo humvimba na vipele humtoka mpaka nyayoni. Kwa mtu aliyezaliwa kisiwani huo ni msiba, na mpaka leo shangazi zake wanaamini anadeka. Kwa ajili yake tulikuwa tumepanga kuchukua kuku wawili wazima ndani ya tenga, mmoja wa kila siku tutakayolala huko.

"Vyema," akasema ndugu yangu. "Na ni nani atakaowatinda?"

Kutinda, kwa sisi watu wa Amu, ndiko kuchinja. Na swali lile hatukuwa tumeliwaza kabisa. Kwetu mwanamke humlea kuku, humfukuza uani akamshika, humnyonyoa, humpasua, humtia nazi. Lakini ikifika ile dakika moja ya kisu, huitwa mwanamume. Yeyote. Nimewaona wanawake wazima, wenye wajukuu, wamesimama mlangoni na kuku kwapani wakimngoja mpita njia mwenye kanzu. Hakuna aliyewahi kutuambia ni kwa nini, na sisi hatukuwahi kuuliza.

"Basi n'takwenda nanyi," akasema ndugu yangu, uso umejaa huruma kama aliyekubali kutoa figo. "Kuwatindia tu. Hata hamutanisikia."

Mimi namjua ndugu yangu. Hajawahi kwenda mahali peke yake. Angekuja na wenzake wawili wa barazani, na godoro, na redio ya kusikilizia mpira, na kufikia adhuhuri ya siku ya kwanza tungekuwa tumechuchumaa sote watatu mbele ya moto tunakaanga mahamri. Nilimtazama wifi yangu. Alikuwa ameacha kucheka. Katika miaka kumi na minane ya kuishi naye sikuwahi kuuona uso ule bila kicheko, na ulinitisha. Ndipo nikausikia mdomo wangu ukisema:

"N'tatinda mimi."

Mama alikuwa kitako pembeni anachagua mchele. Aliinua kichwa. Nilingoja anikaripie, maana mama yangu hana uhaba wa makaripio, lakini alirudi kwenye ungo wake.

"Kamuulize mwalimu," akasema.

Mwalimu wa madrasa ya mtaa wetu ni kijana wa kuweza kuwa mwanangu, na kanzu zake nampunguzia mimi. Nilimuuliza akiwa amenyoosha mikono nampima mabega, kwa hiyo hakuwa na pa kukimbilia. Akajibu bila kusita kwamba mwanamke akichinja ni halali, wala hakuna mjadala. Nitaje jina la Mwenyezi Mungu, nikate koromeo na umio, nisimwonyeshe mnyama kisu nikikinoa. "Ila kisu kiwe kikali, Bi," akaongeza. "Kikali kweli. Kisu butu ni dhuluma."

Nilirudi nyumbani mbio mbio, mshipi wa kupimia ungali shingoni, nikalitangaza jambo lile tangu mlangoni. Ndugu yangu alisema mwalimu ni mtoto. Mama alimnyamazisha kwa mkono, kisha akatoa hukumu yake. Ijumaa, kabla ya sala, nimchinje kuku wa wali pale pale uani, yeye akiona.

"Ukimtinda vyema, mwende watatu," akasema. "Ukimtesa kiumbe cha Mungu, nduguyo ataandamana nanyi. Na sitaki kusikia neno."

Ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa na siku sita, sikuwa na kisu, na nilikuwa na furaha ya kipumbavu iliyonifanya nishone mkono wa kushoto wa gauni la watu mahali pa mkono wa kulia.

Kisu cha jikoni chetu hakikufaa hata kutajwa. Kimenolewa tangu enzi za baba mpaka bapa limebaki upana wa kidole, na mpini umefungwa kitambaa. Na mimi si mtu wa kushika chombo kibovu. Mtu akikata karatasi kwa mkasi wangu simsalimu wiki nzima, muulizeni wifi yangu. Nilitaka kisu kimoja cha kazi zote: kichinje, kipasue kuni, kibandue chaza kwenye mwamba, kikate kamba, na kisiniaibishe.

Muuguzi alikuwa ameshasoma. Alikuja na simu mkononi, macho mekundu, akatuweka kitako kama anatusomea majibu ya maabara. Kisu cha kukunja hapana, akasema, kwa sababu kina kiungo, na kiungo ndicho kinachovunjika. Kisu cha nje sharti kiwe kipande kimoja, na chuma chake kipite ndani ya mpini mpaka mwisho, si kuishia njiani. Urefu wa bapa usizidi kiganja. Mgongo uwe mnene. Wifi yangu na mimi tulitikisa vichwa kwa makini, na kabla ya chakula cha mchana kushuka tumboni nilikuwa nimeyakiuka yote.

Makosa ni ya kile kisu chenyewe. Kilikuwa kimelala ndani ya kabati la kioo kwenye duka la vifaa, katikati ya makufuli na bawaba, na kiling'aa hata mtu akikipita upande. Bapa jeusi, mgongo wenye meno ya msumeno, na kwenye kitako cha mpini mna dira. Ukiifungua ile dira, mpini ni mtupu ndani, na humo mna viberiti, ndoana, mshipi wa kuvulia, na sindano mbili na uzi. Wifi yangu alipoona sindano alinishika bega.

"Dada, iki kimetengezwa kwa ajili yako wewe!"

"Chuma hakipiti!" muuguzi akalalama. "Mpini mtupu, chuma kitapita wapi?" Tena akatuonyesha kwamba kwa mujibu wa dira ile, kaskazini ilikuwa Mombasa. Lakini mimi nilikuwa nimeshaona sindano. Nilikinunua.

Tulifika nacho nyumbani tukafanya sherehe ndogo ya majaribio. Nilisimamisha gogo la mkoko uani, nikaweka makali juu yake, nikapiga mgongo wa kisu kwa mchi, kama muuguzi alivyoona kwenye video. Pigo la kwanza halikufanya kitu. Pigo la pili, mpini ulibaki mkononi mwangu ukimwaga viberiti na ndoana miguuni, na bapa likaondoka. Liliruka ukuta. Tulisikia kimya, kisha sauti ya Bi wa nyumba ya pili, kwa upole kabisa:

"Jamani, kuna mtu alotupa kisu?"

Ndugu yangu alikuwa juu darini. Alishuka ngazi akijishikilia ukutani, machozi yanamtoka. "Ndicho hicho cha kutinda?" akauliza alipopata pumzi. "Kuku ataondoka nacho!" Jioni ile alikwenda kununua betri za redio.

Kisu cha pili alikileta Mwenyezi Mungu kwa njia ya Shela. Wifi yangu ana shangazi anayesimamia nyumba ya kulaza wageni huko, na wageni husahau vitu. Ukipita mwaka bila wao kuviulizia, shangazi huviuza. Jumatatu tulimkuta na kikapu: miwani, viatu vya kuogelea, vitabu vilivyovimba maji, na chini kabisa, ndani ya ala ya ngozi ya rangi ya asali, kisu.

Nilikichomoa. Hakikuwa na meno wala dira. Bapa lilikuwa refu kama kiganja changu, mgongo mnene, makali yamenyooka kisha yanapinda kidogo kuifuata ncha. Mpini wa mti mweusi ulikuwa umekazwa kwa misumari mitatu, na ukiutazama kwa ubavu unauona ule mstari wa chuma ukizunguka mpini wote mpaka mwisho. Muuguzi aliubusu mstari ule. Mimi nilikishika nikahisi mkono wangu umetulia, kama siku ya kwanza nilipoushika mkasi wa kwangu mwenyewe na si wa kuazima. Nilichomoa kipande cha shifoni mkobani, nikakining'iniza, nikapitisha makali. Kilikatika bila kuvuta hata uzi mmoja.

"Si chuma cheupe hicho," shangazi akatuonya. "Hicho hushika kutu. Kipakeni mafuta, musikilaze na maji."

Sikusikia. Nilikuwa nimependa, na aliyependa hasikii habari za kutu.

Jumanne nilikitembeza nyumba nzima. Nilikata nacho limau, kamba, papai, ukucha wa kuku wa jirani aliyekuwa akichechemea. Wifi yangu alikuwa anaosha vyombo uani, akaniomba akishike ndani ya ala yake, na muuguzi aliyekuwa ameketi kizingitini akaielekezea simu ile ngozi, kwa kutaka picha tu. Akaikuza picha. Akaikuza tena. Kisha akauliza kwa sauti ya kazini, ile ambayo nadhani huitumia kwa wagonjwa mahututi:

"Ngozi hii ni ya nini?"

"Ya ng'ombe," nikasema.

"Ng'ombe vinyweleo vyake havikai vitatu vitatu." Akageuza simu tuone. Vishimo vidogo vya ngozi vilikuwa vimejipanga vitatu vitatu, kama nukta tatu za herufi ya thaa ya Kiarabu. "Hapa pameandikwa kuwa ni..." Hakumaliza. Hakuwa na haja.

Wifi yangu alipiga ukelele akaiachia ala, na kisu ndani yake, na vyote vikatumbukia kwenye beseni la vyombo.

Kikavu kikigusa kikavu najisi haihami, na hapo tungeweza kujitetea. Lakini ngozi ya nguruwe iliyorowa maji, na kisu ndani yake, na sahani zetu za wali juu yake! Ndugu yangu ndiye aliyempigia mwalimu simu, kwa furaha isiyofichika, na akaiweka sauti juu tusikie sote. Ala itupwe, akasema mwalimu. Sahani na kisu vioshwe mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Kisha vimetoharika, na Mwenyezi Mungu ni msamehevu.

Sahani zilikuwa rahisi. Kisu nilikiosha mwenyewe alasiri ile ile, mara saba kwa kuhesabu, na ile ya udongo nikatumia mchanga wa pwani kwa sababu ndio udongo tulio nao mjini. Nilikisugua kwa nia safi, huku na huku, mpaka mkono ukauma. Nikakianika dirishani, nikaenda kushona.

Nisilolijua ni kwamba wifi yangu alirudi kutoka sokoni, akakiona dirishani, akadhani nimesahau. Kwa mapenzi tu, bila kunisumbua, akakiosha mara saba, moja kwa mchanga. Asubuhi mama, baada ya kusoma Kurani yake, alikumbuka kwamba mimi tangu utotoni nikiosha vyombo naacha povu la sabuni. Akakiosha mara saba. Muuguzi alipita akitoka zamu. Yeye haamini usafi wa mtu mwingine yeyote duniani. Mara saba, mchanga mara mbili kwa tahadhari, na steelwool ya kusugulia sufuria.

Jumatano adhuhuri nilikwenda kukichukua niyabusu makali yake. Kilikuwa chekundu kama mkono wa bibi harusi. Nilipitisha kidole gumba. Nikapitisha tena kwa nguvu. Kisu kile ungeweza kumpa mtoto mchanga akinyonye.

"Ni nani alogusa kisu changu?" nikauliza, na ile hasira yangu ya mkasi ilikuwa imeshanifika kooni.

Wakakiri mmoja baada ya mwingine. Tulipojumlisha zilikuwa mara ishirini na nane. Muuguzi ndiye aliyesema kwamba kutoka hapa mpaka Makka hapana kisu tohara kama hiki, na kwamba hakikati siagi, na hapo hasira yangu ilivunjika katikati. Tulicheka mpaka wifi yangu akalala chini kwenye sakafu. Mama alishika nguzo ya ukumbi akisema astaghafirullahi, astaghafirullahi, mabega yanatikisika.

Kisha kicheko kikaisha, na mimi nikaogopa. Ijumaa ilikuwa keshokutwa. Mwalimu alisema kisu butu ni dhuluma, na sikuwa tayari kumdhulumu kiumbe ili mimi nikaote jua Kiwayu. Ndugu yangu alishuka na kinoo chake, lile jiwe ambalo yeye hunolea visu vya nyumba nzima kila Idi, limefungwa ndani ya kitambaa kisafi. Hakuwa anacheka.

"Nipa, dada," akasema. "N'takunolea."

Alisema kwa wema, na nilikaribia kukitoa. Lakini nikaona kwamba nikimpa leo anoe, keshokutwa nitampa ashike, na Jumamosi atakuwa ameketi mbele kwenye boti.

"Niazime kinoo tu," nikamwambia.

Nilianza kwa kosa la fundi cherehani. Mkasi hunolewa upande mmoja, na mikono yangu haijui kingine, kwa hiyo Jumatano yote iliyobaki nilinoa kisu upande mmoja. Nilipojaribu kukata papai, kisu kilikwenda mrama kama mlevi na kutokea ubavuni. Niliketi nikalitazama lile papai. Kisha nikaanza upya. Alhamisi sikufungua cherehani, na mabuibui ya watu yalilala. Kutu niliitoa kwa majivu na ndimu. Kisha kinoo, maji, upande huu mara kumi, upande wa pili mara kumi, pole pole, nikisikiliza. Chuma kinapokubali sauti hubadilika, huwa nyembamba. Nilikuwa nikining'iniza shifoni kila baada ya muda. Kwanza kisu kiliisukuma. Kisha kikaichana. Baada ya sala ya alasiri kikapita, na kipande cha chini kikaanguka sakafuni peke yake, na mimi nikalia kwa furaha mbele ya jiwe, mwanamke mzima na mavumbi ya chuma mpaka viwikoni.

Ijumaa ndugu yangu alikuwa ameshavaa kanzu ya msikitini. Alisimama pembeni na mikono nyuma. Wifi yangu alimlaza kuku kuelekea kibla, mkono mmoja mbawa, mmoja miguu. Muuguzi alikuwa kizingitini, kwa mara ya kwanza bila simu. Mama alisimama karibu yangu kuliko wote. Nilikuwa nimekificha kisu ndani ya mtandio kuku asikione.

Nilipokishika kichwa kile kidogo, chenye joto, na kuusikia mshipa ukipiga chini ya kidole changu, furaha yote ya wiki ilinitoka, nikabaki mtu mmoja mwenye kazi moja. Nikasema bismillahi Allahu akbar. Nikavuta mara moja.

Baada ya kuku kutulia mama aliinama. Alitenganisha manyoya ya shingo kwa vidole viwili, akatazama, kama ninavyotazama mimi mshono wa mtu mwingine.

"Sawa," akasema.

Ndugu yangu alishusha pumzi. "Basi mwende," akasema, akaondoka kwenda msikitini, na nilidhani nimemwona akitabasamu. Hapo uani kukawa wazimu. Wifi yangu alinikumbatia na mikono yenye damu, muuguzi alipiga vigelegele mpaka Bi wa nyumba ya pili akauliza kama kuna posa. Ni mama tu ambaye hakuondoka pale alipokuwa.

"Nami naenda," akasema.

Tulidhani anatania. Akaketi kwenye kiti cha mbuzi, ile mbuzi ya kukunia nazi, akatusimulia bila kututazama. Ilikuwa Mbwajumali, kijiji cha kwao, mimi nina miaka minne na ndugu yangu ananyonya. Baba alikuwa safarini. Tulikuwa na mbuzi mmoja, akaanguka kutoka juu ya ukuta wa shamba akavunjika, lakini alikuwa hai.

"Nalikuwa na kisu mkononi," mama akasema, "na bismillahi ulimini. Nikamwata nikenda kutafuta mtu mume. Wanaume wote wako baharini na mashambani. Nimezunguka mui mzima, nyumba kwa nyumba, na kisu mkononi. Nimerudi na mtu, mbuzi ashakufa."

Mbuzi yule akawa nyamafu, haramu kuliwa. Walimtupa.

"Wewe ulikuwa walia wataka nyama," akaniambia. "Ukalala na ndaa."

Wifi yangu aliuliza kwa sauti ndogo kwa nini baadaye hakumuuliza mwalimu yeyote kama angeweza kumchinja.

"Miaka arubaini na miwili sikuuliza," mama akasema. "Naliogopa kuambiwa kuwa yafaa."

Basi Jumamosi tulikuwa wanne. Tulipita Mbwajumali asalimie watu wake, tukaendelea mpaka Kiwayu, tukatua upande wa bahari kuu, ambapo ukisimama juu ya vilima vya mchanga unaiona Mkokoni ng'ambo, kule bara. Ninaweza kuandika kitabu kizima cha siku zile. Kisu kilipasua kuni kama kimezaliwa kwa kazi hiyo, kilibandua chaza, kilikata kamba ya tenga ilipojifunga fundo, na jioni nilikipaka mafuta ya nazi, na ole wake ambaye angekisogezea maji. Mama alifunga buibui kiunoni akatutangulia pwani nzima, fimbo begani badala ya mkononi, na kila tukimwambia apumzike anauliza ni nani aliyechoka. Kuku wa kwanza nilimchinja mimi.

Siku ya pili, alasiri, nilikuwa nimeshamtoa kuku wa pili kwenye tenga nimemshika, na nyayo zangu zinaungua mchangani, mama aliponyoosha mkono.

"Nipa."

Nilimpa kisu. Tulimlaza kuku kibla, mimi nikashika mbawa na miguu. Mikono ya mama ina mishipa na madoa, na nilikuwa na hofu kwa ajili yake kuliko nilivyokuwa na hofu kwa ajili yangu Ijumaa ile. Alisema bismillahi polepole, herufi kwa herufi. Akavuta.

Kuku alipotulia, mama aliinama mwenyewe akatenganisha manyoya, akatazama. Kisha akaketi mchangani kwa uzito, miguu amenyoosha, kisu mapajani.

"Kumbe ni haya tu," akasema.

Mabega yake yalianza kutikisika, na nilisogea nikidhani analia, na alikuwa anacheka, halafu alikuwa anafanya yote mawili, akijifuta uso kwa mkono wa juu ili asijipake damu. "Ni haya tu!" akarudia, akimwambia muuguzi, akimwambia wifi yangu. Alipotulia alinyoosha shingo akachungulia ndani ya tenga tupu, akaniuliza kama yuko kuku mwengine.